Usipige Window Kabla Hujamsikiliza Mama

Kaka Hamadi,

Shikamoo yako nimeizuia. Tangu jana asubuhi nakupigia, unanikatia kama vile nakuuzia soksi. Basi nakuandikia hapa hapa mtandaoni, mtaa mzima usome, tuone kama na wao utawakatia.

Jana umeandika kwenye grupu la familia kwamba kompyuta yangu, narudia, yangu, imekuwa nzito na Jumamosi utaipiga window. Hivi uko sawa? Msomi mzima, ofisi yenye kiyoyozi huko Dodoma, hujui kwamba ukiipiga window ovyo unafuta kila kitu? Mimi niliyeishia form two nalijua hilo nikiwa nimesinzia.

Uliniita mpiga kelele. Sawa. Nenda Kariakoo, uliza ni nani aliyezifanya kompyuta za madukani ziache kulia ting ting kama kengele ya baiskeli. Duka la vyombo, printa ikiishiwa karatasi, mashine inalalamika yenyewe: "Bosi, karatasi jamani!" Ni sauti ya muuza kahawa, nimemrekodi mimi. Wateja wanacheka mpaka wanasahau kuomba wapunguziwe. Yote hayo kwa kiprogramu cha bure cha kurekodi na kukata sauti, nilichojifunza mwenyewe. Cheti chako kiko ukutani, kimewahi kusema neno?

Na siku tuliyomrekodi mama ulikuwepo, usijifanye umesahau. Ulikuwa likizo. Nje ya stoo yake ya vitenge palikuwa na spika za matangazo, mikokoteni na watu wa "pisha pisha". Nikamkalisha mama katikati ya marobota, maana kitambaa kinameza kelele kuliko studio yoyote Bongo. Wewe ukasimama mlangoni kuwazuia wabeba mizigo. Mama akaishika maiki kama anashika samaki aliyechacha.

"Niseme nini sasa?"

"Sema unachotuambia kila siku."

"Kila siku nawafokea."

"Basi tufokee."

Ulicheka mpaka ukaegemea mlango. Siku ile tulikuwa ndugu.

Nikakata vipande, nikavifanya milio ya kompyuta yangu. Nikikosea kitu: "Hebu acha ujinga!" Nikichomeka flashi: "Vua viatu kwanza." Betri ikikaribia kuisha: "We Saidi, umekula?"

Halafu mama akatutoka, na siku ya arobaini yake pale Magomeni kompyuta ndiyo iliyokuwa inatoa kisomo kwenye spika kubwa. Kisomo kikaisha, sheikh akaanza dua, mikono juu, kimya. Na mama akauliza, uani kote, "We Saidi, umekula?" Shangazi akaanguka. Wanawake wakaangua kilio upya. Wewe ukanizaba kibao mbele ya watu, "Unamfanyia mzaha marehemu!", ukaondoka na kompyuta yangu kwapani.

Sasa nikuulize mbele ya watu hao hao: nani aliichomoa chaja yangu ili achaji simu yake? Mimi nilisahau kuzima milio, hilo langu, nalibeba. Lakini betri ingekuwa imejaa, mama asingesema kitu. Makosa tuligawana, kibao nikala peke yangu.

Dada Mwajuma amekubembeleza wiki mbili ndipo ukanitumia faili la rekodi ya mama. Nimelifungua. Mstari wa sauti umenyooka, hakuna hata chafya. Umenitumia ganda la karanga, msomi! Kwenye kiprogramu kile, toleo letu la zamani, lile faili ni ramani tu. Sauti yenyewe imo kwenye folda iliyo pembeni yake, yenye jina lile lile. Folda umeiacha. Mimi nimebaki na vimilio vitatu kwenye simu, sekunde mbili mbili. Mama mzima, kuanzia anakohoa mpaka anauliza kama tumemaliza, yuko kwako peke yako, na wewe unataka kumfuta Jumamosi ili mashine iwe nyepesi.

Sasa nakuambia jambo ambalo sikutaka ulijue, maana kwa sasa sikupendi hata kidogo. Siku ile ya kurekodi, baada ya kuniuliza kama nimekula, mama hakunyamaza. Wewe ulikuwa umetoka kugombana na mtu wa mkokoteni, hukusikia. Akashusha sauti: "Na kaka yako umwangalie. Yule hata akiumia hasemi."

Kwenye mlio nilikikata hicho kipande. Miaka yote mimi ndiye nambebea marobota, wewe unakuja likizo na katoni ya juisi, na bado anakuwaza wewe. Wivu, ndiyo, andika hivyo. Lakini kwenye rekodi nzima kipo, sijakigusa.

Kompyuta sikuombi, baki nayo, uitumie kuegemeza mlango. Nataka folda. Ila kabla hujaituma, vaa hedifoni, usogeze mpaka karibu na mwisho, umsikilize. Jifungie kwanza. Mimi nilipoisikiliza mara ya mwisho nilijifungia chooni, na bado wapangaji walikuja kugonga wakiuliza nani kafariki tena.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja, upende usipende,

Saidi