Mshono wa Bandi Kwenye Hema la Dada Zumari

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu ingawa mwenyewe sina amani, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kushona maturubai. Si nguo, maturubai: ya kufunikia malori, ya vivuli vya madukani, na mara mojamoja mahema. Karakana yetu ni ya mama mmoja mkali lakini mwenye haki, na cherehani zetu ni zile nzito zenye sindano kama msumari. Sasa mwimbaji wetu, ambaye sisi mashabiki tunamwita Dada Zumari, anakuja Jumamosi hii baada ya miaka mingi ya kunyamaza, na kwa kuwa ukumbi wa mji unatengenezwa paa, waandaaji wameamua aimbe ndani ya hema kubwa kwenye uwanja wa wazi nyuma ya kituo cha mabasi, na kuta za hema hilo tukapewa sisi tuzishone. Mshauri, siwezi kukueleza furaha niliyokuwa nayo. Nilishona huku naimba mpaka bosi akaniambia nipunguze sauti, eti hata cherehani ikiharibika hatasikia.

Shida ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na kazini wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Nyimbo za Dada Zumari anazijua zote, hata zile ambazo mwenyewe labda ameshazisahau. Nilipojifungua mtoto wa pili nikapata homa mbaya, ni yeye aliyehamia kwangu, akanifulia, akaniogeshea mtoto, na jioni akawa ananiimbia nyimbo hizohizo mpaka napitiwa na usingizi, kwa hiyo nampenda, na nikisema ukweli namwogopa pia. Yeye alidhani tiketi zitauzwa mlangoni siku yenyewe kama ilivyokuwa zamani pale ukumbini, hakujua kwamba hema lina viti vichache, akaenda akakuta zimekwisha. Sisi mafundi waandaaji walitupa tiketi mojamoja ya shukrani, lakini hiyo kila mtu na yake. Basi akaja kwangu, akakaa jikoni, akalia mpaka kamasi, kisha akaniuliza, "Wewe unamshonea Dada Zumari nyumba ya kuimbia, halafu mimi nikae nje kama mwizi?"

Nikashindwa kumkatalia. Kesho yake nilipofika kwenye mshono wa kati wa ukuta mmoja, badala ya kuupiga mara mbili kwa uzi wa nailoni kama tulivyoagizwa, nikaupiga bandi kwa mkono, ile mishono mirefu ya kushikiza tu ambayo fundi huifumua baadaye, tena kwa uzi mweupe wa pamba, ili ukivuta ncha tu ukuta ufunguke kutoka kiunoni mpaka chini. Nikamwambia wifi autafute huo uzi mweupe, aingie yeye na rafiki yake mmoja, na mimi nitakuwa ndani niubane kwa pini. Bosi hakuukagua. Siku hizi kazi yangu haikagui, anasema mkono wangu anaujua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Lakini mtu anaitwa Redio halafu unampa siri, jamani, akili zangu zilikuwa wapi? Sasa wafuaji wenzake wote wanajua, na dada zao, na majirani wa dada zao, na wameshakubaliana wavae vilemba vya manjano ili wajuane. Juzi muuza mboga wangu ananifungia mchicha ananikonyeza, ananiuliza uzi uko upande gani. Nikatoka pale mbiombio mpaka uwanjani, nikakuta hema limeshasimama, na wale wafungaji hupachika kuta kwa jinsi zinavyowajia mkononi, na ukuta wangu umeangukia nyuma ya viti vya wazee na watu wa magongo. Nimesimama hapo nikamsikia mkuu wa wafungaji akiwaeleza wenzake kwamba uwanja huu hauna kizuizi, mchana upepo unakuja upande ule, na ukuta ukiachia siku ya watu hewa itajaa ndani na hema litataka kunyanyuka, ndiyo maana waliagiza kila mshono upigwe mara mbili.

Nikimwambia bosi nitafukuzwa. Nikitaka kwenda kuushona kimyakimya, walinzi hawamruhusu mtu kugusa ukuta bila bosi, na hata wakiniruhusu, wifi atakuja na jeshi lake akute ukuta mzima, na kwenye ukoo huu nitaitwa msaliti mpaka nizeeke. Mume wangu hajui lolote, anajua tu kwamba siku hizi silali na chakula nakiacha sahanini. Nikinyamaza, labda hakuna litakalotokea. Na tafadhali usinipe ile ya usipoziba ufa, nafsi yangu imeshanipa hiyo kila siku. Nifanye nini mimi?

Fundi wa Maturubai

*

Fundi,

Barua yako nimeirusha mbele ya foleni. Wanaogombania rimoti na waume zao watanisubiri wiki ijayo, wewe Jumamosi haitakusubiri.

Pole, na naisema kwa moyo. Kumkatalia mtu aliyekufulia ukiwa huwezi hata kuinuka si kazi ndogo, na yeye alijua hivyo alipokuja kukaa jikoni kwako. Hapo pole yangu inaishia.

Hiyo "labda hakuna litakalotokea" umeiokota wapi? Viti umeviona kwa macho yako. Habari ya upepo umeisikia kwa masikio yako, tena kwa mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Kundi la watu wenye vilemba vya manjano wakisukumana kwenye tundu linalofika kiunoni, wa kwanza kujikwaa atamwangukia mzee aliyekata tiketi yake mapema na kuweka gongo lake vizuri chini ya kiti. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe umechuma, na wanaoandaliwa kula ni watu ambao hata jina lako hawalijui.

Halafu kuna jambo umelipitisha harakaharaka, nadhani ulitumaini nisingeliona. Una tiketi. Wifi analia jikoni mpaka kamasi, tiketi yako imelala kabatini, na katika barua yote hii ndefu sioni mahali ulipowaza hata kidogo kumpa. Uliona ni rahisi kufungua ukuta wa hema la umati mzima kuliko kuinuka kwenye kiti chako kimoja. Kumpenda Dada Zumari sikulaumu, hata mimi zamani nilikuwa na wangu. Ninachokulaumu ni kwamba ulitaka kumlipa wifi yako fadhila kwa usalama wa watu wengine.

Haya, pangusa machozi, tufanye kazi. Gazeti likikufikia, likunje uende kwa bosi kabla hajaanza shughuli zake. Usianze kwa kulia wala kwa historia ya homa yako. Mwambie, "Mama, kuna mshono mmoja kwenye lile hema nimeupiga bandi tu, kwa makusudi. Naomba unipeleke nikaushone." Wifi usimtaje, maana sindano ilikuwa mkononi mwako wewe. Atakasirika, na ana haki. Amekuamini mpaka akaacha kukukagua, na hilo halirudi kwa samahani moja. Huenda akakufukuza, sitakudanganya. Lakini fundi aliyefukuzwa anaweza kushona mahali pengine. Hema likishaumiza watu, utakaa mbele ya cherehani ipi na roho yako ikatulia?

Mkifika uwanjani, fumua bandi yote, usishone juu yake. Cherehani haitaingia pale, kwa hiyo shona kwa mkono, nailoni, kwenda na kurudi, mpaka vidole viume. Ukimaliza mwite yule mkuu wa wafungaji auvute kwa nguvu zake zote ukiwepo. Asiporidhika, fumua uanze tena.

Kutoka hapo nenda moja kwa moja anakofua wifi yako. Mwambie mbele ya wenzake kwamba ukuta umeshonwa na mshono wa bandi haupo tena. Waliozipata habari kwake watazipata hizi kwake pia, tena upesi. Atanuna. Mwache anune, wifi hanuni milele, na kama huyu wako ataweza, basi hiyo ni kazi ya mume wako kuisuluhisha. Na mume mwambie siku hiyohiyo, kabla dada yake hajamfikia na masimulizi yake. Mtu anayeona mke wake halali wala hali anastahili kujua ni kwa nini.

Tiketi mpe wifi, lakini baada ya hayo yote. Ukimpa kabla, ataiona ni hongo ya kumnyamazisha, na ukimpa huku unahesabu fadhila zake, afadhali ubaki nayo. Iweke mkononi mwake useme ni yako, basi, usiongeze neno. Jumamosi msindikize mpaka mlangoni, mtengenezee kilemba, mwache aingie.

Wewe zunguka ukakae nje ya ukuta wako. Turubai halizuii sauti, hilo unalijua kuliko mimi, hutakosa hata wimbo mmoja. Upepo ukianza kuvuma, weka kiganja juu ya mshono. Ukiona umeshika, imba na wewe.