Kabla Hujaikata Kanda ya Harusi

Mjukuu wangu Swabra,

Amani ya Mungu iwe nawe huko Nairobi. Hapa Wiyoni tu wazima, na mguu wa babu yako umepoa, alhamdulillahi.

Umeniuliza kwa nini kanda niliyokutumia inatoa mistari kama meno ya kitana. Nami nilijiuliza hivyo hivyo, tena kwa hofu, nilipopiga harusi yangu ya kwanza kule Pate. Walikuwamo wanawake peke yao, na bibi harusi hakuwa amejifunika. Nilikata picha kwanza kwenye kompyuta, kutoa zisizofaa, na nilipotazama, mistari ilikuwa imemjaa usoni.

Fundi mmoja wa kompyuta, mwanamume, akaniambia, "Lete kanda, Bi Zena. Ni kazi ya dakika tano tu!"

Nilikataa. Mama wa bibi harusi alikuwa ameniapisha: "Uso wa mwanangu usionwe na mwanamume, hata fundi." Nikarudi na kanda yangu kwapani.

Nilisoma kitabu cha kamera siku tatu, nikishtuka kila mlango ulipobishwa. Kumbe kamera ile hupiga picha ishirini na nne kwa sekunde, kisha hurudia vipande vya baadhi ya picha ili zitimie thelathini. Kompyuta huondoa vipande vya ziada kwa kufuata mpangilio wa marudio hayo, na ukishakata, mpangilio umevurugika, vipande vya picha mbili hubaki vimechanganyika, ndiyo ile mistari. Nikaanza upya: nikaviondoa, ndipo nikakata. Uso ukatoka safi.

Leo bibi harusi yule anaomba nakala nyingine amwonyeshe bintiye, na kanda uliyo nayo ndiyo hiyo. Bado naogopa, lakini wewe nakuamini uikate: ondoa vya ziada, ndipo ukate.

Funga mlango kwanza.

Bibi yako,
Zena