Gauni la Mama Upendo

Jumatatu, 1 Julai

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Dadi, bibi yangu: gauni atakalovaa Mama Upendo Jumamosi nimelichora mimi. Mimi! Ambaye hata kuitikia jina darasani nanong'ona.

Mama Upendo ni mke wa mbunge wetu, Mheshimiwa Elia. Kila kampeni Baba humchangia Mheshimiwa — vitenge, fulana, mafuta ya magari. Sasa kanunua meza ya mbele kwenye shoo ya mitindo ya kuchangia bweni la wasichana. Gauni la Mama Upendo pia kalilipia yeye. Dizaina ni Geofrey, mpwa wa Mheshimiwa, katoka Dar, anavaa miwani ya jua hata ndani ya duka letu la vitambaa.

Mchoro wake ulikuwa mezani. Wangu pembeni yake. Baba akamwambia dada Magreth, fundi wetu wa barazani, achukue mchoro mezani. Kachukua wangu! Niliona. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Jumatano, 3 Julai

Mama Upendo kaja kulijaribu. Kajizungusha mbele ya kioo mpaka Dadi kacheka. "Geofrey mwanangu, hapa umenivalisha!"

Geofrey kalitazama gauni. Kavua miwani. Kasema eti wazo lilimjia akiangalia ukungu wa Uluguru. Ukungu! Mikono ile ni majani ya migomba ya Matombo, kule milimani, nilikaa naiangalia mwenyewe.

Mama Upendo kaondoka nalo kabla Baba hajaliona. Baba furaha tupu. Tenda ya sare za shule aliyoiomba bado haijatoka, na Mama akifurahi Mheshimiwa hukumbuka marafiki. Baba hasemi hivyo. Husema "tunasaidiana".

Ijumaa, 5 Julai

Nimekwisha.

Mafundi hufuata kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini kwenye mchoro. Mimi nilibana kitenge cha kijani chenye tausi, kwa kukipenda tu. Leo stoo naona marobota yake yamepungua.

"Baba kawapa akina mama wa Matombo," kasema kaka yangu Arif. "Sare ya ngoma. Kesho wanacheza kwenye shoo."

Mke wa mbunge na kundi zima, kitambaa kimoja! Geofrey ataumbuka, Mheshimiwa atanuna, tenda ya Baba kwaheri. Nikaenda mlangoni kwa Baba nimwambie. Nikaishia kuuliza chumvi iko wapi.

"Rumana, chumvi iko jikoni. Tangu uzaliwe iko jikoni."

Jumamosi, 6 Julai

Mama Upendo kapita jukwaani — makofi! Kabla hajakaa, ngoma. Akina mama wa Matombo hao, tausi ukumbi mzima! Baba kabadilika rangi. Mheshimiwa kamgeukia Geofrey, na Geofrey kasimama, kapaza sauti: "Haki ya Mungu, gauni hilo sikulichora mimi!"

Wote wamesikia.

Halafu Bi Hafidha, anayeongoza ngoma, kapiga kigelegele. "Jamani, Mama katuvalia sare yetu! Huyu mwenzetu!" Wakamvuta katikati. Mama kacheza mpaka kavua viatu! Mheshimiwa naye meno yote nje — kura za milimani zilikuwa zinamchezea mbele ya macho. Anauliza nani kachora. Geofrey kafungua mdomo... kachelewa!

Sasa nimejifungia chumbani. Wako chini wanakunywa chai. Mheshimiwa anamwambia Baba, Mzee Aamir, huyo dizaina namtaka, halafu ile tenda tutaongea. Dada Magreth anacheka: "Bosi, mchoro wenyewe ulikuwa nyuma ya karatasi ya kufungia robota. Nani mwingine humu anachora kwenye karatasi za marobota?"

Kicheko cha Dadi — kumbe anajua!

Ngazi zinalia. Hatua nzito, za Baba. Na visigino vya Mama Upendo. Wewe shajara, ingia chini ya godoro. Michoro mingine ipo hapa kitandani, nilitaka kuificha nayo.

Naiacha. Naiacha wazi hapohapo. Wanagonga ml