Kila Mtu Isipokuwa Amiri

Dar es Salaam, 4 Machi 2024

Babu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila joto la Dar linanichemsha.

Ile programu yetu ya simu, unapiga picha jani la muhogo na sauti yako inasema kwa Kimakonde kama lina ugonjwa wa batobato, imepata watu. Helena na wenzake wa Ujerumani wanataka kuiendeleza nasi bure. Ila hawaigusi mpaka tuiwekee leseni, maandishi ya kusema nani anaruhusiwa nini. Mwezi ukiisha bila leseni, wanaondoka.

Mimi nataka yeyote aichukue, aibadilishe, hata akitaka aifungie kwake. Binamu Valdemar, huko Palma ng'ambo ya Ruvuma, anataka atakayeibadilisha na kuigawa aache mabadiliko yake wazi kwa wengine. Tumegombana, hatuongei. Sauti ni yako, majani ni ya shamba lako. Amua wewe.

Mkeo mdogo,
Odete

Kilambo, 11 Machi

Mke wangu Odete,

Marahaba. Mgongo unauma jembe likitajwa tu. Bibi yako anakusalimu, anasema mumewe umwachie.

Barua nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Sijaelewa. Kitu cha bure kinaombewaje ruhusa? Leseni naijua ya baiskeli, enzi zile, na sikuwa nayo. Wajerumani wazima wanafanya kazi bila malipo, halafu wanaogopa karatasi?

Juzi Valdemar alivuka mto akanieleza yake. Nikamwambia ndiyo. Na wewe nakwambia ndiyo. Wote mmesema vizuri. Nimemaliza.

Mumeo aliyechanganyikiwa,
Babu Lourenco

Dar es Salaam, 18 Machi

Babu,

Shikamoo. Wewe na Bibi hamjambo? Mimi mwili mzima, kichwa ndiyo kibovu. Umetumaliza! Valdemar ameweka leseni yake, mimi yangu, kila mmoja anasema "Babu kakubali." Helena anauliza ashike ipi. Tunaaibika. Babu, ndiyo moja tu, tafadhali.

Odete

Kilambo, 24 Machi

Mke wangu,

Marahaba. Mgongo mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Mwaka juzi jirani yangu Amiri aliniomba mbegu za muhogo. Nikamkatia mzigo bure, si unajua huku: ukikatiwa, nawe akija mwenye shida unamkatia. Sasa batobato imenimalizia shamba. Nimekwenda kwake. Kachanganya mbegu zangu na nyingine, muhogo umenenepa hadi unatia hasira. Kaniambia, "Mzee, hizi sasa zangu. Kanunue sokoni Chikongola."

Nilisimama pale kama mbuzi aliyesahau kwao. Njiani ndiyo nikamwelewa Valdemar.

Wekeni ya Valdemar. Ila andikeni: kila mtu isipokuwa Amiri.

Babu

Dar es Salaam, 29 Machi

Babu,

Shikamoo, pole na shamba. Tumeweka ya Valdemar. Kanipigia, tumecheka mpaka salio likaisha. Helena ameanza kazi.

Ila Amiri hatuwezi kumtoa. Ukimfungia mmoja tu, haiwi huria tena.

Mkeo

Kilambo, 7 Aprili

Mke wangu,

Marahaba. Wazima sote. Kuku wa Pasaka alikuwa mwembamba kuliko padri wetu.

Sijaelewa tena. Hata mwizi anaruhusiwa? Haya.

Jana nimemwona Amiri shambani na simu. Majani yake yameanza kujikunja. Nikasikia sauti yangu: "Gonjwa. Ng'oa, choma." Kapiga picha nyingine. Nikamwambia tena, wala sijafungua mdomo. Kang'oa huku ananitukana.

Valdemar kanivushia mbegu safi. Leo asubuhi Amiri kapiga hodi, kofia mkononi.

Nimemkatia. Kwa leseni ya Valdemar.

Babu