Jina Ambalo Sikulikata

Mpendwa Koko,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, maana ungenicheka. Ungesema, "Mtoto anauliza nyanya yake habari na yeye ndiye ako na habari." Ni kweli, habari ninazo mimi. Jumamosi iliyopita nilikaa mbele ya kompyuta, kidole kikiwa tayari kubonyeza, na kitu nilichokuwa karibu kukikata ni jina lako.

Ngoja nianzie nyuma, usije ukanisonya.

Unaikumbuka maktaba ya umma pale Kitengela, ile uliyoiita nyumba ya vitabu vya watu wengine. Kila Jumamosi asubuhi Mwalimu Mwikali, mkutubi kijana kutoka Makueni, alisukuma meza za kusomea hadi ukutani na kutuwashia kompyuta kuukuu zilizoletwa kwa ajili ya watoto. Tulichora kwa kipanya, tukazipanga picha zikatembea, kisha tukazitia sauti zetu wenyewe. Twiga wangu wa kwanza alitembea kinyumenyume na nikampenda hivyo hivyo. Nilikuwa nikiisubiri Jumamosi tangu Jumapili.

Baba, mwanao, hakupendezwa hata kidogo. Jumamosi ilikuwa siku ya mbuzi kupelekwa maji, na mtoto mkubwa nyumbani nilikuwa mimi. Wewe ulikuwa umekuja kututembelea kutoka Mashuuru aliposema, "Huyu anaenda tu kucheza na TV. Kuanzia wiki ijayo anabaki na mbuzi." Nililia. Wewe ulimaliza chai yako kwanza, kwa sababu hukuwa mtu wa kuharakishwa, kisha ukamwambia, "Mimi nitaenda nione hiyo TV. Nikirudi nitakuambia kama ni mchezo."

Nilijua basi kwamba Jumamosi zangu zote zilikuwa mikononi mwako.

Uliingia maktaba na shanga zako zote, kigoda kwapani, kana kwamba viti vya serikali haviaminiki. Watoto walikuinamishia vichwa uwasalimie kwa kuwagusa utosi, hata wale ambao kwao hawasalimiani hivyo. Halima, rafiki yangu ambaye baba yake aliuza mbuzi sokoni, alisita kwa sababu ya mtandio wake. Ukaweka mkono juu ya mtandio, taratibu. "Hata yenye imefunikwa ni kichwa," ukasema, naye akacheka.

Kisha Mwalimu Mwikali akakuomba hadithi. Alikuita Susu, kama wanavyowaita nyanya kwao Ukambani, akakueleza kwamba tungerekodi sauti yako, halafu sisi tuichoree picha. Ukatazama dirisha.

"Jua iko juu ya kichwa. Hadithi ya mchana inapoteza ng'ombe. Ngojeni giza."

"Lakini Susu, tunafunga saa kumi na moja."

"Basi ng'ombe zangu zitakuwa salama."

Nilikuona ukiinama kuchukua kigoda chako. Ungerudi nyumbani umwambie Baba nini? Kwamba ulikuta watoto wanaotaka hadithi saa sita mchana? Sikuwaza mara mbili. Nilikuvua shuka ya juu begani, bila ruhusa, nikapanda meza na kuitundika dirishani. Halima akaelewa kabla sijasema neno. Akaenda dirisha la pili na sweta za watu, wengine wakaleta mabegi, Mwalimu akatoa kitambaa cha meza yake. Giza likaingia. Ikabaki skrini moja tu inayowaka.

Ulizunguka chumba kizima ukikagua. Uliona mwanga chini ya mlango ukaonyesha kwa fimbo, Halima akakimbia kuuziba. Hapo ndipo ulipokivuta kigoda karibu na skrini, ukainyooshea viganja vyako kama mtu anayeota moto.

"Moto mko nayo," ukasema. "Nitaongea."

Mwalimu alikuomba utaje jina kwanza, ili ijulikane hadithi ni ya nani. Ukalitaja, na ukacheka papo hapo, kile kicheko chako cha puani, kwa sababu uliona kichekesho mtu kujitambulisha kwa sanduku. Halafu ukauliza, "Ng'ombe zimeingia?"

"Zimeingia!" tukapiga kelele.

"Na mbuzi?"

"Zimeingia!"

Ukatusimulia habari za mbuni aliyetoka saa sita mchana kutafuta kivuli chake, akawashtaki wanyama wote kwamba wamekiiba. Ulisimulia kwa Kiswahili, polepole, ili Halima naye acheke mahali pa kucheka. Sikuwa nimejua kuwa una Kiswahili kingi hivyo. Halima alimchora huyo mbuni na magoti ya ngamia, na mpaka leo sijaona mbuni mzuri kuliko huyo.

Tulipoondoa shuka, Mwalimu akataka usikilize sauti yako. Ukaziba spika kwa kiganja. "Huyo mama asiongee kukiwa na jua. Mkimtaka, zimeni jua kama leo." Ukanigeukia. "Wewe ndiye ulizima jua."

Nyumbani Baba akauliza, "Ni mchezo?"

"Ni mchezo," ukamjibu, "lakini ni ya kazi. Mbuzi nitapeleka mimi." Na ukawapeleka, Koko, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka uliporudi Mashuuru. Kufikia hapo Baba alikuwa ameona aibu, akaanza kuwapeleka mwenyewe.

Sasa hupo. Nakumisi vibaya sana, hasa chai inapoiva na hakuna wa kutucheleweshea safari. Tangu tukuzike hakuna aliyelitamka jina lako nyumbani, maana kwetu jina la aliyekufa halitajwi. Baba ameushika mwiko huo kwa mikono miwili. Hata binamu yangu mdogo aliyeitwa kwa jina lako amepewa jingine. Ndiyo maana halipo juu ya barua hii.

Siku hizi mimi ndiye msaidizi wa Mwalimu Mwikali. Tulipokuwa tukihamisha kazi za zamani kwenye kompyuta mpya tulikukuta, na watoto wa sasa wakataka kumchora mbuni wako. Lakini jina linatangulia. Kulikata ni rahisi, unaweka alama, unabonyeza, limeenda. Ila jina limeshikana na kile kicheko. Nikilikata jina, kicheko kinaondoka nalo, na kicheko chako kingine sina popote.

Nikamwendea Baba. Nilipomweleza, akasema, "Nitakuja nisikie."

Alikuja. Alikaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, kofia mkononi. Watoto walitundika shuka madirishani kama ninavyowafundisha. Nikakuwasha. Jina lako likatoka, na kicheko chako, na Baba akafunika uso kwa kofia. Nikasimamisha.

"Baba, nikate?"

"Ukate nini?" aliuliza, kofia ingali usoni. "Sisi hatujamtaja. Amejitaja mwenyewe. Endelea."

Nikaendelea. Ukauliza gizani, kama ulivyouliza siku ile, "Ng'ombe zimeingia?" Watoto hawakujua kama wanapaswa kujibu. Kabla sauti zetu za utotoni hazijafika, alijibu Baba kutoka kule nyuma.

"Zimeingia, yeyo," alisema. "Zimeingia zote, mama."

Pumzika, Koko.

Ni mimi mjukuu wako,
aliyezima jua