Mwimbaji Ndani ya Kanda ya Mama

Kisumu Ndogo,
S.L.P. 217,
Malindi.
18 Novemba 1986

Mpendwa mdogo wangu Joram,

Salamu za nyumba nzima zikufikie, na kabla hujasoma neno jingine niambie: kifua kimepona? Barua yako ya Julai ilisema unakohoa, na nasikia huko Hamburg mwezi huu baridi huingia hata ndani ya godoro. Vaa nguo za kutosha. Usifanye ushujaa na baridi, haina aibu.

Sisi hatujambo. Shemeji yako Zipporah alishikwa na homa, sasa ameinuka na ananipinga kama kawaida. Kache yuko darasa la sita. Dada yetu Nyevu bado anakaa Dabaso katika nyumba ya marehemu mama, na mihogo yake imekubali ingawa mvua za vuli zimekuja kwa ubahili.

Salamu nimemaliza. Sasa tuulizane.

Kanda imefika. Ilikuja kwa posta, bahasha imezungushiwa utepe wa gundi mara nne kama kwamba ndani mna dhahabu, au siri. Pamoja nayo kikaratasi chenye maneno matano: "Kanda hii hapa. Nisamehe, kaka." Matatu ya kwanza nimeyaelewa. La nne limenikaa kooni wiki tatu. Mtu asiye na kosa haombi msamaha, Joram. Nimesoma vitabu vya kutosha kulijua hilo, na hata nisingesoma ningelijua.

Ngoja nikukumbushe kanda hiyo ilivyozaliwa, maana hukuwapo. Oktoba mwaka jana niliazima redio ya kaseti ya jirani yangu Ndirangu, yule fundi wa saa na redio, nikaenda nayo Dabaso ili tukutumie sauti zetu badala ya barua. Upande wa kwanza nilisema mimi. Mama akakaa kitini akingoja zamu yake mpaka upande ukaisha. Basi akatufukuza sote chumbani, akabaki na Nyevu wa kumbonyezea vitufe, akasema nawe upande wa pili peke yake. Mwezi wa Mei akatutoka. Sauti yake nyingine haipo popote duniani. Ndiyo maana nilikuandikia uirudishe.

Nawe unajua jambo la pili. Dalali wa Watamu anataka shamba la Dabaso, kile kipande cha kuelekea mikokoni, na Januari uliniandikia kuwa kuuza si dhambi. Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Kila mtu anauliza: mama alisemaje? Nikawajibu wote, kwa kifua mbele, kwamba neno la mama limo ndani ya kanda na kanda iko njiani.

Siku kanda ilipofika tulikusanyika kwangu mchana. Nyevu alitoka Dabaso amejifunga leso mpya. Ndirangu alileta redio yake. Nikageuza upande wa pili, nikabonyeza, nasi tukainamisha vichwa kumpokea mama.

Matarumbeta yakalipuka.

Si moja wala mawili. Kikosi kizima, Joram! Kisha akaja mwanamume wa Kimarekani, laini, mtulivu, akaanza kuimba kama mtu aliyeegemea ukuta mkono mfukoni. Nyevu akanitazama. "Mama amekuwa Mzungu?" Kache akacheka, akafinywa. Tulingoja ule wimbo uishe, tukidhani mama yuko nyuma yake. Ukaja wa pili. Wa tatu. Katika wa nne betri zikachoka, sauti ya yule bwana ikaporomoka ikawa ya ng'ombe, nami nikazima kwa hasira.

Sasa nikuambie niliyoyafikiri, na sitayapamba. Nilifikiri umemfuta mama makusudi. Nilifikiri alikuambia shamba lisiuzwe, nawe ukaona njia fupi ya kumnyamazisha ni kumtwika bendi ya watu thelathini. Nilimkabili Nyevu: mama alisema nini? Akanijibu, "Niliambiwa nibonyeze, sikuambiwa nisikilize." Nikamshuku naye pia.

Nikatia betri nyingine, nikaanza uchunguzi. Kila jioni nilipotoka shuleni kufundisha niliichezesha kanda, sikio kwenye spika, nikitafuta mabaki ya mama katika nafasi kati ya wimbo na wimbo. Na hapo, mdogo wangu, ndipo nilipoingia matatani na huyo mwimbaji wako.

Unajua msimamo wangu. Mwaka huu peke yake nimeandika barua tatu gazetini dhidi ya hoteli zinazowachezea wageni santuri za kwao huku wapigaji wetu wa ngoma wakisubiri jikoni. Sirudi nyuma hata hatua moja. Kwa hiyo nilimsikiliza mtu huyu kama mwendesha mashtaka anavyomsikiliza mshtakiwa. Mtu anayeimba bila kutoka jasho ana jambo analificha. Besi inatembea kama mtu anayejua aendako. Mpiga ngoma hapigi, anafagia. Mwimbaji mwenyewe anachelewa. Bendi imeshafika kwenye neno naye bado yuko nyuma, unasema leo ameachwa, leo ameaibika, kisha anaudaka mstari mwishoni kabisa na anafika pamoja nao bila kuhema. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati. Mara ya kumi nilijua ni werevu, nami siamini mtu mwerevu anayejifanya mvivu.

Lakini mguu wangu haukunitaka ushauri. Zipporah alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi, naye, nakuapia, alikuwa anakuna kwa mapigo ya bendi.

"Baba Kache, mguu huo una nini?"

"Mbu."

"Basi mbu huyo amesomea muziki."

Ndirangu naye akaanza kupita kila jioni eti kuangalia redio yake kama haijaharibika. Hakuna redio iliyowahi kuangaliwa namna ile. Alikuwa akikaa mpaka wimbo wa tano, ule ambao matarumbeta yanabishana na mwimbaji, yanamkatiza, anayajibu, yanamkatiza tena. Huo naupenda. Nakiri. Ni mjadala, na kwenye mjadala mimi huwa mgeni wa heshima. Hata hivyo najishuku: yaweza kuwaje nikapenda kitu kilichokaa juu ya kaburi la sauti ya mama?

Juzi Jumapili Nyevu alikuja tena. Nilikuwa nimenunua betri mpya tena. Nikaichezesha kanda kumwonyesha ushahidi, na safari hii betri zikashika. Kila siku nilikuwa nazima baada ya ule wimbo wa tano ili nirudi mwanzo kutafuta. Juzi hakuna aliyenyanyua mkono kuzima. Nyevu alikuwa anatikisa bega. Wimbo wa sita ukaja, wa mwisho, ukaisha. Sindano ya santuri yako ikakwaruza, tik, tik, kisha kishindo kidogo cha kitufe.

Kisha mama.

Nakuandikia yote, kwa kuwa ndiyo yote: "...na kaka yako ukimwona anafoka usimjibu upesi. Yule hupiga kelele akiogopa, tangu mtoto. Mwulize tu, 'Umekula?' Haya, Nyevu, zima."

Sekunde kumi na moja. Ndirangu alizipima kwa saa ya mteja.

Nyevu akafuta macho kwa ncha ya leso, akanigeukia: "Shamba hakulitaja hata mara moja. Alimweleza Joram habari za mbuzi waliozaa, na namna ya kuishi na wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Nisingemwamini, Joram.

Ndirangu akaiokota kanda, akaigeuza mgongo, akanionyesha vijipande viwili vya plastiki vilivyo ukingoni. "Mwalimu, hii hamkuvunja. Ukishavunja, hakuna mtu anaweza kurekodi juu yake. Nilikuambia siku ile." Ni kweli aliniambia. Siku ile nilikuwa na haraka, nina barua ya gazeti ya kuwahi posta kabla haijafungwa.

Nikauweka upande wa kwanza, upande wangu, ambao sikuwa nimeusikia tangu siku ile. Dakika thelathini. Umepona salama, haukuguswa hata neno, kwa bahati mbaya. Nazungumzia mahoteli, bei ya korosho, maaskofu, wewe kutooa. Kisha mwishoni kabisa, kwa sauti ya mtu anayefunga mkutano, nasema: "Na huu ndio mwisho wa salamu zetu sote." Salamu zetu sote! Mama amekaa mbele yangu hajasema neno. Nani angegeuza kanda baada ya hapo? Ungeigeuza kwa nini, isipokuwa kutafuta nafasi tupu ya kurekodi santuri ya mwenye nyumba wako, yule uliyeniandikia kuwa ana kabati zima la santuri? Ulikuja kujua kilichokuwamo pale tu nilipokuandikia baada ya msiba, na hapo ndipo ulipoandika "Nisamehe". Nadhani ndivyo. Sijui. Bado nakushuku kidogo juu ya shamba, na hilo tutalimaliza kwenye kikao, nami nitawaambia wazi kuwa mama hakuacha neno juu yake na kwamba niliyetangaza vingine ni mimi.

Tangu juzi Nyevu amegoma kurudi Dabaso. Kupeleka kanda mbele haraka Ndirangu amekataza, asema redio yake itaitafuna. Kwa hiyo anayetaka kumsikia mama sharti amsikilize yule bwana nyimbo zote sita. Kache ameshajua pa kuingia matarumbeta. Vile vijipande nimevivunja vyote viwili.

Nisalimie mwenye nyumba wako, na umwambie santuri zake si mbaya. Usimwambie zaidi ya hapo. Nyevu anakusalimu, na Zipporah, na Kache anayeomba stempu za huko, na Ndirangu ingawa hamjuani. Mungu akulinde na baridi na watu wa maneno laini, akurudishe kwetu ukiwa na kifua kizima.

Ndani ya bahasha hii mna kanda mpya. Usidhani umetumiwa hotuba. Nimeisikiliza mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili, kuhakikisha hamna mtu ndani. Sikusema neno. Ni yako. Ukikosa la kuanzia, anza na lile swali la mama, nami nitajibu.

Kaka yako akupendaye hata akikushuku,

Ngala