Nyasi Ndani ya Uzi

Jumanne, 2 Juni 1987

Asubuhi mlimani. Umande hadi magotini. Nimepata kutu mbili za nyasi: moja ya rangi ya chungwa, chini ya jani, nyingine ya kahawia, inapaka kidole kama ugoro. Nimezibana kwenye magazeti na jiwe juu. Mke wangu, mama Adventina, analalamika kwamba nyumba hii haina gazeti hata la kuwashia moto. Kweli. Miaka thelathini ya ubwana shamba nimefundisha watu kahawa na migomba, na nilichokipenda ni ukungu wa nyasi. Wananiita Bwana Ukungu mpaka leo, na nimeshastaafu. Waite tu.

Daftari limefika namba arobaini na tatu. Kuna kutu za majani. Kuna fugwe, zinazogeuza mbegu kuwa unga mweusi. Kuna za asali, zinazodondosha utomvu mtamu kwenye maua, halafu zinaota pembe ndogo. Kuna zile zinazolibana bua kama soksi nyeupe. Arobaini na mbili zina majina. Hiyo ya mwisho haina.

Ijumaa, 5 Juni

Barua imefika, kutoka kwa mtaalamu wa chuo nilikosoma. Nimeisoma katikati ya barabara. Baiskeli ikapiga kengele, sikusogea. Anasema namba 43 ni fugwe, lakini haifanani na yoyote aliyonayo. Huenda hakuna aliyewahi kuipa jina. Ila nilimpelekea changa. Anataka iliyoiva, ngozi ya kivimbe ikiwa imepasuka yenyewe, na bua zima lenye suke ili nyasi itambulike. Mwisho wa Julai anaondoka nchini, harudi.

Nina miaka sitini na moja.

Jumapili, 7 Juni

Baada ya misa nimepanda hadi juu ya chemchemi. Ni pale tu namba 43 inapoota, eneo dogo kama chumba. Nimechomeka vijiti vinne, nikazungusha uzi wa katani. Sijamwambia mtu sababu, watacheka. Mama Adventina nimemwambia tu pasiguswe. Akanitazama, akatabasamu. Sikulielewa tabasamu lile.

Harusi ya Adventina ni tarehe 27. Tangu Pasaka tunasalimiana tu. Shikamoo baba, marahaba, basi. Nilisema mbele ya wageni kwamba wakwe zake walitoka Rwanda na mfuko mmoja, na kwamba sikumsomesha ili akapikie vibarua wa Kimuli. Maneno mabaya. Sijaomba radhi. Sijui pa kuanzia.

Jumatano, 17 Juni

Nimekaa ndani ya uzi tangu jua lilipochomoza. Ukungu wa bonde umejaa chini, milima imebaki vichwa tu. Nikaangalia kwa kioo cha kukuzia: vivimbe vya waridi, ngozi nyembamba, bado vimefumba.

Nikasinzia. Nikaota nimo ndani ya kivimbe. Nyumba ya mviringo, nguzo moja katikati, unga wa kahawia unashuka polepole na hauishi. Adventina ameegemea nguzo, ana miaka mitano, anahesabu punje. Sikutaka kutoka. Sisimizi wakaniamsha.

Jumatatu, 22 Juni

Bado. Siku sita, labda saba, ndipo vitaiva.

Alhamisi, 25 Juni

Nilikwenda kuchukua soda za harusi. Narudi, nasikia wanawake wanaimba, wanashuka mlima na mizigo ya nyasi kichwani. Nyasi za kutandika sebuleni, wageni wakanyage. Nilijua watakata. Nilidhani watakata popote nje ya uzi. Walikata ndani.

Mama Leokadia, jirani, akanikabidhi uzi wangu, ameukunja vizuri. "Baba wa kumzungushia binti yake nyasi kwa uzi, zisiliwe na mbuzi! Sisi baba kama huyo hatujamwona bado."

Nikafungua mdomo.

Adventina akatoka jikoni, mikono ina unga. Akapiga magoti. "Webare, tata, asante baba. Nilidhani harusi yangu huitaki." Alikuwa analia.

Nikasema, "Ni za kwako." Uongo mtupu. Kisha nikaenda kwenye migomba nikalia. Sijui nililia kwa lipi.

Ijumaa, 26 Juni

Zimetandikwa. Nyumba inanuka mlima. Ninazunguka nimeinama kama mwizi wa kuku, natafuta mabua, mama Adventina ananifukuza. Vivimbe vyote vimefumba. Nina hasira. Nimewachukia wanawake wote wa Ihanda mpaka saa sita mchana.

Saa sita Adventina ameniletea chai mwenyewe. Akakaa. Tumeongea kuhusu kijana wake, kuhusu mama mkwe anayelima kwa mkono mmoja. Nimeomba radhi. Ilitoka kwa shida, lakini ilitoka. Zisingekuwa nyasi hizi asingekaa.

Jumamosi, 27 Juni

Kabla ya kuondoka amepakatwa, kama desturi. Mama yake kwanza, kisha mimi. Mwanamke mzima, mzito, gauni jeupe limenifunika magoti. Nikaona tena nyumba ile ya mviringo.

Wakacheza. Miguu mingi, vumbi, joto. Aliposimama kuaga, pindo la gauni lilikuwa na unga wa kahawia. Fugwe imepasuka. Mashangazi wakataka kulipangusa. Nikasema mwacheni. Limekwenda hivyo hivyo Kimuli, juu ya pikapu.

Jumatatu, 29 Juni

Leo nyasi zinatolewa, zinakwenda kufunika mashina ya migomba kibanjani. Nimeomba nipewe saa moja kwanza. Nimetambaa sebule nzima. Mabua yamepondwa, yamevunjika, masuke huku, majani kule.

Chini ya kiti nilichompakatia, bua moja. Zima. Suke lake lipo. Ngozi imepasuka, nguzo imesimama katikati, unga umeizunguka.

Mama Adventina alikuwa mlangoni na ufagio. Nimemweleza yote, uzi, barua, yote. Amecheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza kama nitamwambia mtoto. Nikalibana bua kwenye gazeti.

Jumanne, 7 Julai

Mvua hakuna. Kahawa imeanikwa uani. Bua limekauka vizuri.

Nimeandika kibandiko. Namba: 43. Mahali: Ihanda, sakafu ya sebule. Mtaalamu atashangaa, ashangae. Aliyekusanya: hapo nimekaa na kalamu muda mrefu. Kisha nimeandika jina la Adventina, lote, na la ubini. Bahasha nimeifunga, nimeipeleka.

Jumapili anakuja na mumewe kutusalimia. Nitamwonyesha daftari, kurasa zote, na hii ya mwisho.

Jioni nimepanda mlima. Nyasi zimeanza kuchipua, fupi, laini. Nimechomeka vijiti, nikazungusha uzi uleule. Mama Adventina aliniuliza safari hii ni za nani. Nimemwambia ni zilezile, za Adventina. Sikudanganya.